Niliiita Dawa ya Kusoma

Jina "dawa ya kusoma" nililitunga mimi mwenyewe, jikoni kwangu, jioni moja ya mwezi wa Juni, ili nijinusuru na swali la jirani. Alikuwa amekuja kuomba kitunguu. Akaiona chupa juu ya kabati la vyombo, akaishika, akaigeuza, akauliza ni ya nani. Ningeweza kumwambia ukweli kwamba ni ya mwanangu na ameandikiwa na daktari wa akili. Lakini katika ploti yetu hapa Free Area, Nakuru, ukitamka "daktari wa akili" asubuhi, ikifika saa sita mtoto wako ameshakuwa kichaa vinywani mwa watu. Nikasema, "Ni dawa ya kusoma tu. Inamsaidia kushika masomo." Jirani akaguna kwa heshima, akairudisha chupa polepole kama mtu aliyeshika kitu cha thamani. Nikaona nimeshinda. Mpwa wangu alikuwa sebuleni, na pazia la jikoni halizuii sauti.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akikaa kwetu kwa sababu kodi ya chumba ilimshinda mama yake. Mwanangu humwita Kaka. Majina yao nayahifadhi, kwa kuwa wote wawili bado ni vijana na haya si ya kuwafuata maisha yao yote.

Mwanangu alikuwa na miaka minane, gredi ya tatu, tulipoishiwa na la kufanya. Utundu wa watoto naujua, nimelelewa katika nyumba ya watoto saba. Wake ulikuwa wa namna nyingine. Akianza kuvaa viatu, angevaa kimoja, aende dirishani kutazama kunguru, kisha aulize kwa nini tumechelewa. Darasani alijibu swali kabla mwalimu hajalimaliza, na jibu lenyewe likawa la swali jingine. Mstari wa kwanza wa daftari ulikuwa na mwandiko safi. Kufikia wa nne, herufi zilikuwa zinaelea. Mara mbili alikurupuka akavuka barabara kuu ya Nairobi akimfuata mbwa. Mara ya pili mwendesha bodaboda alijiangusha na pikipiki yake ili asimgonge, na nilipomkimbilia kumwomba radhi, magoti yake yalikuwa yanavuja damu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtoto alijua. "Mama, mimi hutaka kusikiliza, lakini kichwa kinaondoka bila kuniambia." Shuleni alichapwa, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi. Nyumbani nilimchapa mimi. Siandiki hili kwa wepesi. Nilimchapa kwa kosa la kusahau, na kesho yake alisahau tena, nami nikaongeza.

Mwalimu mmoja wa elimu maalum ndiye aliyenivuta kando na kuniambia huyu mtoto apimwe. Daktari wa akili wa watoto tulimpata Nairobi, safari ya kilomita 160. Hakukimbilia kuandika dawa. Alitaka kwanza masikio yapimwe, na macho. Akauliza mtoto hulala saa ngapi, kama hukoroma, kama amewahi kupatwa na kifafa. Akatupa fomu mbili, moja yangu na moja ya mwalimu, zijazwe bila sisi kushauriana. Alieleza kwamba ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushika jambo moja, haitambuliwi kwa sababu mtoto amesumbua wiki moja au mwalimu mmoja amelalamika. Dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane mahali pawili au zaidi, mathalani nyumbani na shuleni. Fomu ziliporudi zilikuwa kama zimejazwa na mkono mmoja.

Baba yake ni dereva wa lori, barabara ya Malaba. Aliposikia kwamba dawa yenyewe ni ya kundi la vichangamshi, alikataa katakata. "Mtoto anaruka hivyo, halafu umpe kitu cha kumchangamsha? Pale Salgaa nimewaona madereva waliotafuna na kumeza vitu ili wasilale. Nimewaona wao, nimeyaona na malori yao." Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na daktari hakuidharau. Aliomba nimpe simu, akazungumza naye kwa lugha ya gari. Ubongo, alisema, una wajumbe wa kemikali wanaopita kutoka seli hadi seli. Wawili wao ni dopamini na noradrenalini. Seli ikishamtuma mjumbe, humvuta ndani tena upesi. Dawa huziba ule mlango wa kumrudisha, ili akae nje kidogo na ujumbe ufike. Na kinachonufaika zaidi ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayomwezesha mtu kujizuia, kungoja, na kushika jambo moja hadi liishe. "Mzee, hapa hatukanyagi mafuta," akasema. "Tunaamsha breki." Kimya kikatanda upande wa pili wa simu, kisha mume wangu akasema tujaribu, lakini aambiwe kila kitu.

Tukaambiwa. Dawa inaitwa methilifenideti. Ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, Uswisi, na jina la kibiashara linalojulikana zaidi, Ritalin, lilitokana na mkewe, Marguerite, aliyeitwa Rita. Binamu zake ni amfetamini, ambazo daktari Charles Bradley aliwapa watoto wenye matatizo ya tabia huko Rhode Island, Marekani, akaandika mwaka 1937 jinsi wengi wao walivyotulia na kufanya kazi zao za shule. Kwa hiyo jambo la kichangamshi kumtuliza mtoto si jipya. Wala hatari yake si mpya: methilifenideti iko katika orodha za mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa za kuathiri akili, ndiyo sababu haiuzwi bila karatasi ya daktari. Akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyekufa ghafla akiwa kijana, kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia, kama kuna ugonjwa wa moyo au wa akili kwa ndugu wa karibu. Akampima presha, mapigo ya moyo, uzito na urefu. Hayo manne yangepimwa kila tukirudi.

Tulianza na miligramu 5 asubuhi na 5 mchana, siku ya Jumamosi, ili nimwone mwenyewe.

Ningetaka kila mzazi anayeogopa dawa hii aione asubuhi ile, na kila anayeitamani aione vilevile, kwa kuwa hapakuwa na mwujiza wowote. Tulikuwa na njegere za kumenya. Mwanangu alikaa na dada wa kazi, kwenye mkeka nje ya mlango. Kwa kawaida angemenya tano, arushe moja, amkimbilie paka. Baada ya kama saa moja dada alikuja jikoni bila kusema neno, akaniwekea sufuria mbele yangu. Ilikuwa imejaa. Nikatoka. Mtoto alikuwa bado amekaa, anamenya, anaimba kwa sauti ya chini. Nilimuuliza anajisikiaje. Akafikiri, na hilo la kufikiri kwanza lilikuwa jipya. "Kama kulikuwa na redio nyingi," akasema, "sasa imebaki moja."

Saa nne baadaye zile redio zilirudi zote. Kidonge cha aina ile hufanya kazi muda huo, kisha huondoka mwilini.

Na hapa ndipo jina langu lilipokosea tangu mwanzo. Dawa haikumfundisha mwanangu hata herufi moja. Maneno aliyoyapoteza gredi ya kwanza na ya pili yalikuwa bado yamepotea. Ilibidi mwalimu akae naye kila Jumamosi asubuhi, silabi kwa silabi, karibu mwaka mzima. Ilibidi akalishwe kiti cha mbele, aelezwe jambo moja kwa wakati mmoja, nasi tujifunze kumsifu kabla ya kumkemea. Dawa ilimwezesha kukaa hapo kiti kilipo. Kusoma kulitoka kwa mwalimu na kwa jasho lake mwenyewe.

Gharama ya mwili nayo ilikuwepo. Dozi ilipofika miligramu 10 mara mbili kwa siku, chakula cha mchana kilianza kurudi nyumbani na mkebe kama kilivyotoka. Katika miezi miwili uzito ulishuka kutoka kilo 26 hadi 24. Kidonge cha pili kikichelewa kupita saa nane mchana, mtoto alikodoa macho hadi usiku wa manane. Na mnamo saa kumi jioni, dawa inapokwisha, alikuwa na dakika arobaini za kulialia na kukasirikia kila kitu, hata rangi ya kikombe.

Aliyepata dawa ya hilo la chakula si mimi wala daktari. Ni dada wa kazi, msichana wa miaka ishirini na mmoja kutoka upande wa Lugari, aliyeishia darasa la nane. Alichunguza, akagundua kwamba njaa ya mtoto humjia usiku, dawa ikishaondoka kabisa. Akaanza kumwekea sahani ya saa tatu: ugali na mayai, au githeri yenye parachichi, ikafunikwa vizuri. Asubuhi naye akampa uji mzito kabla ya kidonge. Uzito ukarudi. Nilipomweleza daktari, aliandika kwenye faili na kuniambia nimshukuru huyo msichana. Nilimshukuru kwa mdomo. Ningefanya zaidi.

Sasa mpwa wangu. Ni kijana mpole, wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Dada yangu anauza mboga Soko la Wakulima, na kila shilingi ya karo ina jina la mtu aliyeikopesha. Muhula ule alikuwa ameanza kufanya kazi usiku kwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala, akawa analala saa nne kwa siku, na masomo yakamrundikia. Mitihani ilikuwa Desemba. Alikuwa kila siku anamwona mdogo wake akimeza kidonge kidogo, kisha anatulia na kuandika ukurasa mzima. Na alikuwa amesikia, kwa sauti ya mtu mzima anayemwamini, kwamba ile ni dawa ya kusoma.

Vidonge vilikuwa 60 kwa mwezi. Siku ya kumi na tisa, Jumapili, niliinua chupa ikanionekania nyepesi. Nikavimwaga mezani. Vilipaswa kubaki 22. Vilikuwa 9.

Nilihesabu mara tatu. Nikajiuliza kama nimekuwa nikimpa mtoto viwili viwili. Nikamfikiria mwalimu niliyemkabidhi cha mchana. Kisha, na sitajificha katika hili, nikamgeukia dada wa kazi. Yeye ndiye aliyekuwa nyumbani mchana kutwa. Yeye ndiye maskini. Sikuwa na sababu nyingine, na nilipomwita jikoni sauti yangu ilikuwa imeshamhukumu. Nilimuuliza amevipeleka wapi. Nikamuuliza kama anaviuza. Alinitazama, machozi yakamjaa ila hayakudondoka, akasema, "Mimi siwezi kumwibia mtoto dawa." Asubuhi ya Jumatatu alimnywesha mwanangu uji, akafunga begi, akaondoka. Mpwa wangu alikuwa mezani tukizozana jikoni. Hakusema neno. Baadaye aliniambia kwamba kimya kile ndicho anachokijutia kuliko vidonge vyenyewe, na namwamini.

Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, saa tisa, niliamshwa na sauti ya viti. Mpwa wangu alikuwa sebuleni taa zikiwaka, amezigeuza samani zote kuelekea ukutani. Alikuwa anatetemeka. Midomo imekauka na kupasuka. Aliniambia kwa kunong'ona kwamba watu wa nyumba ya pili wanamsema, wanajua kila kitu, tusizungumze kwa sauti. Hapakuwa na sauti yoyote. Ilikuwa usiku mtulivu wa mvua ndogo. Nilimshika shingoni nikahesabu mapigo kama nilivyoona wakifanya kliniki: 35 katika sekunde 15. Hiyo ni 140 kwa dakika, na alikuwa amesimama tu.

Nilimpigia mume wangu, alikuwa Busia kwenye foleni ya malori. Hakuuliza mengi. "Huyo hajalala siku mbili au tatu. Mwangalie mfukoni, ametafuna nini." Mfukoni mlikuwa na kifurushi cha muguka. Kwa asiyejua, miraa na muguka vina kathinoni, kemikali ya ukoo wa amfetamini. Kwa hiyo mtoto wa dada yangu alikuwa amerundika kichangamshi juu ya kichangamshi, na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu juu yake, na chini ya vyote hivyo mwili usiolala tangu Jumatatu.

Chumba cha dharura walimpima moyo kwa mashine, wakamdunga sindano ya kumtuliza, wakamfungia dripu. Daktari wa zamu, kijana mwenyewe, alimuuliza bila kumkaripia. Hapo ndipo akasema. Alikuwa amechukua vidonge 13. Vinne aliwagawia wenzake wawili. Tisa alimeza yeye katika siku sita: kimoja, kisha kimoja, kisha kimoja tena, kisha viwili, na usiku ule wa mwisho vinne kwa pamoja, kwa sababu kimoja hakikumfikisha tena pale kilipomfikisha mara ya kwanza. Nilimwambia awapigie wale wenzake pale pale, kabla sijamruhusu afumbe macho. Wote wawili walikuwa salama. Nilitoka nje kwenye korido, nikakaa chini sakafuni.

Alilala saa kumi na sita. Zile sauti hazikurudi, na daktari alitueleza kwamba tulibahatika: kuna wanaobaki nazo kwa siku nyingi, hasa kama ndani yao kulikuwa na maradhi ya akili yaliyokuwa bado hayajajitokeza. Wenye kasoro ya moyo wasiyoijua ndio anaowahofia zaidi.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa mwanangu. Alikuwa na swali, na nililiheshimu. "Kama inamsaidia mdogo wangu, mimi iliniharibu kwa nini?" Wengi tunaamini kwamba dawa hii ikimkuta mwenye ADHD humtuliza, ikimkuta asiye nayo humpandisha, na kwamba hiyo ndiyo njia ya kujua nani mgonjwa. Daktari alisema si kweli. Dozi ndogo humwongezea karibu mtu yeyote umakini kidogo, kwa hiyo kusikia imekusaidia si ushahidi kwamba una ADHD. Mwanangu pia angepewa vidonge vinne saa sita usiku, na muguka juu, angekuwa kitandani kama Kaka yake. Tofauti ilikuwa katika kipimo, saa, usingizi, chakula, na jicho la mtu anayefuatilia presha na uzito mwezi baada ya mwezi. Na kadiri dawa inavyoingia kwa wingi na kwa haraka, ndivyo inavyochochea ile raha ya ubongo inayomfanya mtu aitafute tena. Dozi ndogo inayomezwa ikapanda taratibu haifanyi hivyo kwa urahisi. Kwa sababu hiyohiyo kukisaga kidonge ili kifike upesi ni kuligeuza jambo zima.

Kisha akamuuliza kuhusu mtihani. Mpwa wangu akainama. Karatasi ya Jumanne aliingia nayo akijiona simba. Aliandika kurasa tisa. Kurasa zote tisa zilijibu swali la kwanza. Maswali mengine matatu hakuyagusa, na wakati ule hakuona kasoro yoyote. Alihisi kila sentensi ni muhimu na inahitaji nyingine.

Daktari hakushangaa. Alitueleza utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science Advances. Watu 40 wasio na ADHD walipewa fumbo la kupakia mkoba: vitu vingi, kila kimoja na uzito wake na thamani yake, nawe uchague vipi utie ili upate thamani kubwa bila kuzidisha uzito. Siku tofauti walimeza methilifenideti, dawa nyingine mbili za aina hiyo, au kidonge kisicho na kitu. Wakiwa na dawa walijitahidi zaidi, walikaa muda mrefu zaidi, walihamisha vitu mara nyingi zaidi. Na mikoba yao ikawa na thamani ndogo kuliko walipomeza kidonge tupu. Mpwa wangu alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa sauti ndogo, "Kurasa tisa."

Aliomba naye apimwe. Daktari alimchukulia kwa uzito, akampigia dada yangu simu kumuuliza utoto wake, akaomba ripoti za shule ya msingi. Hazikuonyesha dalili yoyote. Kilichokuwa kinamshinda ni usingizi wa saa nne, kazi ya usiku na deni. Hakuna kidonge cha deni. Tuliketi kama ukoo, mume wangu akachukua sehemu ya karo, kazi ya usiku ikaachwa, na kijana akaomba chuoni kurudia mtihani ule mmoja. Kwa wiki mbili alikuwa mzito, hana hamu, analala mchana. Tuliambiwa tusimwache peke yake siku hizo, kwa kuwa baada ya vichangamshi kushuka, huzuni inaweza kumshukia mtu vibaya. Mwanangu alikuwa anakaa naye akimsomea kwa sauti kitabu chake cha gredi ya nne.

Kuna jambo daktari alinionyesha ambalo sijaacha kulifikiria. Mwezi Mei 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maonyo ya dawa hizi zote yaandikwe upya, na ikasema kwamba wengi wanaozitumia vibaya huzipata kwa rafiki au ndugu aliyeandikiwa. Nilikuwa nikidhani hatari iko kwenye vichochoro vya mjini. Ilikuwa juu ya kabati langu la vyombo, kwenye chupa isiyofungwa kwa ufunguo, ikiwa na jina zuri nililolipa mimi.

Sasa ina sanduku la chuma na kufuli. Kila Jumapili jioni mimi na mwanangu tunavimwaga vidonge kwenye sahani, tunavihesabu, anaandika idadi kwenye daftari kwa mwandiko wake. Kidonge cha mchana nakipeleka kwa mwalimu mkononi, naye anatia sahihi. Mtoto ana miaka kumi sasa, na amejua kusema, "Ni dawa ya ADHD. Siwezi kukupa." Shuleni kwao mvulana mkubwa alishamwomba.

Jirani wa kitunguu alirudi mwezi wa Januari. Binti yake alikuwa anaingia kidato cha nne. Alikuja na shilingi elfu mbili zimekunjwa kwenye leso, akaniomba nimuuzie vidonge kumi tu vya ile dawa ya kusoma. Nilimketisha. Nilimwambia kwamba nilimdanganya, kwamba mwanangu anatibiwa na daktari wa akili, kwamba mpwa wangu alilazwa kwa sababu ya jina lile. Nikampa njia ya kumfikia daktari ikiwa binti ana shida ya kweli. Alikunja leso yake. Sidhani aliniamini. Nafikiri aliondoka akiona namnyima, na bado hatusalimiani kama zamani. Na mwanangu, kweli, ana majina mapya katika ploti. Ameyasikia. Tunayazungumza.

Jambo moja nimeliacha hadi sasa kwa sababu ndilo linalonilemea. Baada ya hospitali nilijua siku hiyohiyo kwamba nilimsingizia dada wa kazi, na nilikaa siku kumi na moja bila kumpigia simu. Kila jioni nilishika simu nikaiweka. Mshahara wake nilishautuma, na nusu ya mwezi juu yake, kana kwamba pesa ingesema kwa niaba yangu. Siku ya kumi na mbili nilipiga. Hakushika. Nikapiga tena kesho yake. Mara ya tatu alishika, nikasikia kuku na mtoto akilia nyuma yake.

Nilimwambia yote. Nani alichukua, vingapi, nini kilitokea. Nikamwambia nilimshuku kwa sababu alikuwa mnyonge wangu na si kwa sababu nyingine, na kwamba nimemkosea mbele ya mwanangu. Mpwa wangu aliniomba simu, naye akamwomba msamaha, akilia. Dada alimsikiliza. Alisema amesikia. Nilimuuliza kama angependa kurudi, akasema hapana, amepata kibarua karibu na kwao. Nikadhani mazungumzo yameisha, nikaanza kumuaga.

"Mama," akasema, "ile sahani ya saa tatu. Bado mnamwekea?"